Rivolva ya Kwanza, na Tofauti ya Toa na Tia

Kijana akienda kununua viatu hujaribu kwanza mguuni. Kijana huyohuyo akija kutaka bastola yake ya kwanza, huja na picha kwenye simu. Miaka yote niliyokaa nyuma ya benchi langu la kutengenezea silaha hapa Ibra, Omani, nimeonyeshwa picha nyingi kuliko mpiga picha wa harusi, na karibu zote zilikuwa za kitu kimoja: dude kubwa jeusi, limeshikwa na jamaa mwenye misuli asiyeonekana kuwa na kazi nyingine. "Ami, nataka kama hii." Nami huuliza, "Na huyo jamaa, tukufungie pamoja nayo?" Mpaka leo hakuna aliyecheka.

Sasa nimestaafu. Duka nimelifunga, na benchi limehamia uani, mke wangu analitumia kuanikia ndimu. Lakini maswali hayakustaafu. Kila harusi, kila hitma, lazima kijana mmoja anivute pembeni: babu, nianze na ipi? Kwa hiyo nimeona niandike mara moja, mnisome, mniache ninywe kahawa yangu. Habari za kibali sitazigusa. Hizo nendeni mkaulize polisi wenyewe, na mkiambiwa hapana, basi ni hapana, msije kwangu kutafuta mlango wa nyuma.

Jibu langu ni fupi: anza na rivolva. Rivolva ni ile bastola yenye silinda, tumbo la duara linalozunguka, na kila risasi imekaa katika tundu lake. Waarabu huita bastola yoyote musaddas, yaani yenye sita, kwa kuwa hizo za zamani zilikuwa na matundu sita, na jina limebaki hata kwa hizi za magazini, kibweta cha risasi kinachochomekwa mpinini, zinazomeza kumi na tano. Mtu mmoja wa Sur aliwahi kuniletea rivolva ya matundu matano, amekasirika kwelikweli, akidai aliyemuuzia kamdhulumu tundu moja. Nilichukua nusu saa kumweleza kuwa imezaliwa hivyo. Aliondoka hakuridhika.

Sababu ya kuipendelea ni kwamba bastola ya magazini ina siri. Unachomoa magazini, unaiona mkononi mwako, moyo unatulia, kumbe risasi moja imebaki ndani, nyuma ya mtutu, inakungoja. Rivolva haifichi. Unabonyeza kitufe, silinda inatoka ubavuni, unatizama tundu moja moja. Kama kuna kitu utakiona, na kama hakuna utaona mwanga wa upande wa pili. Ukishatizama, tia ncha ya kidole kila tundu, kwa sababu jicho nalo huchoka, hasa baada ya biriani.

Chukua ya chuma, yenye uzito. Najua mnapenda zile ndogo nyepesi, zinakaa vizuri mfukoni mwa kanzu ya dishdasha, lakini nyepesi hupiga teke kama punda aliyekosewa adabu, na mtu akipigwa teke siku ya kwanza hufumba macho siku ya pili. Mtutu wa inchi nne unatosha. Mpini ujae kiganjani na kidole kifike kwenye kifyatuo bila kujinyoosha. Kama inakubali risasi za magnam na za thelathini na nane, anzeni na thelathini na nane, na hizo kubwa waachieni wanaotaka kusimulia. Ukipata ya ishirini na mbili ni bora zaidi kujifunzia, ingawa hamtaitaka kwa kuwa haitishi mtu. Vidole visipite mbele ya silinda, maana pale kati yake na mtutu kuna mwanya unaotema moto ubavuni. Na ikirudi nyumbani ikae ndani ya sanduku la chuma, risasi nazo pahala pengine, funguo zote mbili kwako.

Tena msiifunge kwa kuitupa mkono, chwaa, kama mnavyoona kwenye sinema. Bwana harusi mmoja wa Fanja aliifunga hivyo mbele ya mashemeji zake, mara saba au nane, mpaka kile kijimkono kinachoshika silinda kikapinda. Akaniletea tundu halikabili mtutu. Nikamwambia mke unaweza kumtongoza upya, hii haitongozeki. Silinda husukumwa kwa kiganja cha mkono wa pili, taratibu, kama unavyofunga droo ya mama mkwe.

Haya yote sikuyabuni mimi. Nilifundishwa Nizwa na Bwana Khalfan, fundi aliyekuwa na kibanda si mbali na pale wanapouza bunduki za zamani na majambia. Alikuwa na vidole tisa na nusu. Wateja wote waliamini nusu hiyo ilikwenda na bunduki, wakamheshimu sana, naye hakuwakanusha. Ukweli ni kwamba ilikwenda na mlango wa gari.

Nilimwendea nikiwa kijana, sina muda mrefu nimetoka Unguja, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Nilikuwa naweza kusoma juzuu nzima bila kuteleza na sijui kuomba chumvi. Wiki ya kwanza Bwana Khalfan akanambia, "Jib al-mibrad." Mibrad ni tupa, ile ya kusugulia chuma. Mimi nikasikia barid, nikakimbia nikamletea maji baridi kwenye kopo. Bwana Khalfan akalitizama lile kopo, akanitizama mimi. Akayanywa yale maji yote, akasema alhamdulillah, akenda kuchukua tupa mwenyewe. Hakuwasimulia watu. Kibanda chake kilikuwa na Mbaluchi, Mhindi, mimi wa Unguja na yeye wa Nizwa, kila mtu na lugha yake, na ndiyo sababu alikuwa na kanuni moja: silaha ikipita kutoka mkono huu kwenda mkono ule, hupita imefunguliwa, na anayepokea anatizama tena mwenyewe. Hata kama sekunde ileile umemwona mwenzako akitizama. "Lugha zetu ni nyingi," akisema, "lakini tundu linasema lugha moja."

Alikuwa pia na mtihani. Mtu akija kutaka bastola ya kwanza, Bwana Khalfan humpa mkononi ikiwa imefungwa, tupu, kashaitizama mara mbili, kisha akanyamaza kimya. Wengine waliielekeza dukani wakafumba jicho moja. Mmoja aliielekeza kwenye kioo, akajipenda. Hao waliambiwa rudini mwakani. Aliyeifungua kwanza akatizama ndani, huyo alivutiwa kiti na kumiminiwa kahawa. Nami nilipofungua duka langu Ibra niliuchukua mtihani ule kama ulivyo, nikajisifu nao miaka na miaka.

Rivolva haifichi, nimesema. Aliyeficha ni mimi.

Jamaa zangu wote wanajua kisa cha mwanangu Said. Nimekisimulia sana, kwenye harusi, kwenye safari, kwa wageni waliokuja kutoka Unguja na kwa wageni waliokuja kununua gari langu. Kisa chenyewe ni hiki. Mama yake Said ni Mwarabu wa hapahapa Ibra, na nyumbani watoto walikuwa wakisema Kiarabu. Mimi nikaona lugha ya mama yangu itanifia mikononi, nikapiga marufuku: dukani kwangu Kiswahili tu. Anayetaka kunisaidia kazi aseme Kiswahili, anayetaka pesa ya petroli aombe kwa Kiswahili. Said alikuwa na miaka ishirini, yuko likizo ya chuo kikuu, akawa anashinda nami benchini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, ngeli zote kazitia kapu moja, lakini alikuwa anajitahidi.

Asubuhi moja mteja akaleta rivolva, kifyatuo chake kizito, anataka nikitizame. Ilikuwa na risasi tatu ndani na matundu matatu matupu, na risasi tatu nyingine zilikuwa kwenye kifuko. Bora angeacha kuja kabisa kuliko kuja nayo hivyo, lakini wateja ndio hao. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamwambia Said, "Hebu toa risasi, kisha nipe."

Said akasikia tia. Akaona matundu matatu matupu, akaona risasi tatu kwenye kifuko, na hesabu ikamkubali. Akazitia moja moja kwa uangalifu, akaifunga kwa kiganja taratibu kama nilivyomfundisha, akanipa. Kisha akainama karibu yangu aone mkono wa fundi unavyofanya kazi.

Nikavuta kifyatuo nipime uzito wake.

Risasi ilimpita Said kando ya sikio la kushoto ikaingia kwenye chupa ya kahawa iliyokuwa juu ya rafu. Chupa ikapasuka, kahawa ya moto ikatumwagikia shingoni. Nilimshika mwanangu kichwa kwa mikono miwili, nahisi kitu cha moto kinateremka kwenye vidole vyangu, nikajua nimemuua. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilikuwa mtu aliyemuua mwanawe. Kisha nikasikia harufu ya iliki.

Basi hapo ndipo watu hucheka. Harufu ya iliki ya kahawa ndiyo inayowavunja mbavu. Nami nilikuwa namalizia hivi: "Mtoto wa Kizanzibari hajui toa wala tia! Nusura aniponze nimuue!" Wakampa jina, wakamwita Tia. Tia njoo, Tia kaa, Tia tupigie simu. Said alikuwa anacheka nao. Sikio la kushoto halikurudi vizuri tena, ndiyo maana kwenye majlis, baraza la wageni, hukaa pembe ya ukuta, watu wote wawe kuliani kwake. Wageni hudhani ni mtu wa heshima anayependa kujitenga.

Sasa niambieni nyinyi, mliosoma mpaka hapa, kosa lilikuwa la nani. Bwana Khalfan alinifundisha nini? Silaha hupita imefunguliwa, na anayepokea anatizama mwenyewe. Mimi nilipokea imefungwa, mkono mmoja na kikombe, wala sikutizama. Said alikosea herufi moja ya lugha aliyokuwa akijifunza ili anifurahishe. Mimi nilikosea kazi yangu. Nililijua hilo tangu kahawa haijapoa, nami nikachagua kusimulia kisa kinachochekesha. Kimya cha Bwana Khalfan juu ya kidole chake hakikumdhuru mtu. Uongo wangu ulikuwa na jina la mtu.

Miezi michache iliyopita akanijia Azza, binti mkubwa wa Said. Ana miaka ishirini na tatu, ni mhandisi katika kiwanda kimoja upande wa Qalhat, anakaa Sur, na anajifunza kulenga shabaha klabuni na wenzake. Mwalimu wao kamwambia sasa anaweza kufikiria bastola yake mwenyewe, na makaratasi ameyapeleka yanakotakiwa. Alinipigia simu kwanza. "Shikamoo babu. Mimi nataka bastola ya kwanza. Gani iko mzuri?"

"Marahaba mwanangu. Sema, ipi ni nzuri."

"Ndiyo, hiyo nzuri. Gani?"

Kabla sijaiweka simu chini, ikaita tena. Ilikuwa Said, yupo chumba cha pili ndani ya nyumba hiihii. Hakutaka kusimama. "Baba, Azza atakuja kwako alkhamisi. Mwambie hapana. Mimi nikimwambia atasema naogopa. Wewe ndiye fundi, wewe atakusikia."

"Na wewe unaogopa?"

"Ewallah, baba. Naogopa."

Nikamwahidi. Nilikuwa na mpango mwepesi kabisa: nitampa mtihani wa Bwana Khalfan, na msichana anayejifunza kulenga, macho yote kwenye shabaha, bila shaka ataielekeza kwenye kioo. Nitamwambia rudi mwakani, na mwakani nani anajua nani yupo. Nilikuwa nayo rivolva moja, yangu mwenyewe, ya kihalali, ya chuma, inchi nne. Siku yenyewe nikaitoa sandukuni, nikaitizama mara mbili, tupu, nikaifunga.

Azza akaja alkhamisi baada ya alasiri, na tende za khalas kutoka Sur, kana kwamba Ibra hakuna tende. Tukakaa uani, benchi tukaliondolea ndimu tukazitia kwenye sinia. Said akaja akaketi mkekani pembeni ya ukuta, pahala pake, akajifanya anasoma simu. Nikampa Azza ile rivolva mkononi, imefungwa, nikanyamaza.

Hakuielekeza popote. Mtutu aliuinamisha kwenye mchanga wa ua, kidole kakinyoosha ubavuni mbali na kifyatuo, akabonyeza kitufe, silinda ikatoka. Akatizama. Akatia ncha ya kidole kidogo tundu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita, midomo yake ikihesabu kwa Kiarabu. Nikasema moyoni, Bwana Khalfan, mimina kahawa.

Kisha akanirudishia ikiwa wazi vilevile. Mimi nikaipokea, nikainua kiganja niifunge, kwa ile furaha ya mzee aliyeona mjukuu wake anajua.

"La la la. Babu. Tizama kwanza."

"Umeshatizama wewe, nimekuona."

"Hapana, tizama na wewe."

"Azza, nimefanya kazi hii kabla baba yako hajazaliwa."

"Najua babu, samahani." Akanishika mkono, ule wenye rivolva, kwa adabu kabisa, kama anavyonishika kunivusha barabara. "Lakini baba amesema, mtu yoyote akisema iko tupu, usimwamini. Tizama mwenyewe. Amesema yoyote, hata babu." Akafikiri kidogo, kwa kuwa ni mtoto msema kweli. "Amesema anza na babu."

Nikamtizama Said. Simu yake ilikuwa imezima, kioo cheusi, naye bado anaisoma.

Kumbe kanuni ya Bwana Khalfan haikupita kwangu. Ilipita kwa Said, kupitia sikio bovu, na alimpa mwanawe bila kunitaja vibaya, bila kisa, bila kumchekesha mtu. Nilikuwa nikiwapa vijana mtihani miaka yote hiyo, na siku ile mwenyewe nilipewa uani kwangu nikashindwa. Nikatizama tundu moja moja. Nikatia kidole. Macho yalikuwa yananisumbua, nikasingizia ndimu.

Nikaiweka rivolva juu ya benchi, wazi. Nikamwambia Azza aingie ndani amsaidie bibi yake na chai, naye akaelewa kuwa chai haihitaji msaada, akaenda. Nikainuka nikakaa karibu na mwanangu.

Mnajua, nina miaka sabini na kitu, nimesimulia visa mbele ya majlis nzima, lakini maneno haya sikuwahi kuyasema. Nikasema, "Said. Ile siku ya chupa ya kahawa, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepokea imefungwa. Mimi ndiye ambaye sikutizama. Wewe hukukosea kitu. Nisamehe, mwanangu."

Said aliendelea kutizama zile ndimu kwenye sinia. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kwa haraka yangu nimejipenyeza kushotoni kwake, upande wa ukuta.

Nikainuka. Magoti yakalia. Nikauzunguka ule mkeka mzima, nikakaa upande wake wa kulia, nikasema tena yote, neno kwa neno, na mara hii sikuharakisha. Kuyasema mara ya pili ni kuzito zaidi, kwa sababu unajua yanakokwenda.

Said akaubusu mkono wangu, akauweka pajani kwake, akauacha pale. "Nilikusikia mara ya kwanza, baba," akasema. "Nilitaka tu nisikie tena."

Basi, mlioniuliza: rivolva, ya chuma, inchi nne, thelathini na nane. Azza atapata yake makaratasi yakirudi, na baba yake, mwenyewe kasema, ndiye atakayempeleka. Na mkimwona kwenye harusi anaitwa Said. Atakayemwita jina jingine mbele yangu nitampa mtihani.